Hukunipa Kula

Mwalimu Josephat Mutayoba alikutwa asubuhi mlangoni pa stoo ya unga ya shule, amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Kando yake kulikuwa na jembe. Mpini wake ulikuwa na damu.

Inspekta Rutashobya alivuka ziwa kutoka Mwanza hadi Kamanga, akaifikia shule hiyo ya wavulana wakati wanafunzi wanakunywa uji. Watu waliendelea kuiita shule ya kati ya mapadri, ingawa mwaka ule serikali ilikuwa imekwisha kuichukua. Aliifunua maiti, akaitazama. Hakuona huruma, hata kichefuchefu hakikumjia. Tangu amzike mkewe, Leonsia, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na kazi aliifanya kama mtu anayemenya ndizi, mikono ikienda yenyewe.

"Aliuawa jana jioni, wakati wa mvua," alisema daktari aliyeitwa kutoka Sengerema. "Pigo moja, kutoka nyuma. Mpini umejaa matope. Alama za vidole hazionekani."

Jikoni alimhoji mpishi, Tereza, mama wa Kisukuma.

"Ulisikia nini, mama?"

"Mvua ilikuwa inapiga mabati, Bwana Lutashobya. Nikasikia mwanaume kule stoo, ana hasila. 'Hukunipa kula! Hata wewe, hukunipa kula!' Halafu kimya."

"Sauti ya nani?"

"Kwa mvua ile? Sikuijua, baba."

"Mbona hukutoka kutazama?"

"Watoto hapa wanalia njaa kila siku. Ningetoka mala ngapi?"

Jembe nalo lilikuwa na mwenyewe. Tangu ije Elimu ya Kujitegemea, kila mvulana alikuwa na jembe lenye namba yake, na namba hii ilikuwa ya Kashindye wa darasa la saba, kijana mkubwa aliyeanza kuota ndevu. Majembe yote yaliegemezwa ukutani hapo nje ya stoo, mtu yeyote angeweza kuchukua lolote. Inspekta aliliona hilo, akalipita.

"Jana ulikula?" alimwuliza kijana.

"Hapana, afande. Nilisinzia kwenye Misa. Mwalimu Mutayoba alininyima chakula."

"Ulimchukia?"

"Nilikuwa na njaa tu."

"Jioni ulikuwa wapi?"

"Kanisani, najisomea. Peke yangu."

Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa kesho yake. Ulifanywa mara moja tu. Aliyeukosa alirudi nyumbani kuchunga ng'ombe, na huko ndiko habari zake zilikoishia.

"Nikamate baada ya mtihani, afande," Kashindye alisema. "Sitakimbia. Nakuomba."

"Mwache aufanye kwanza," Padri Mkuu wa shule naye alisihi.

"Hii ni kesi ya mauaji, Padri."

Kijana akafungwa pingu, akavushwa, akatiwa mahabusu mjini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Rutashobya alikwenda kukitafuta bwenini.

Asubuhi ya mtihani alirudi shuleni kuchukua maelezo ya Tereza. Mama akaweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi.

"Ijumaa usinitafute, baba. Nakwenda kwetu kupiga kula."

Inspekta aliinua kichwa. "Kupiga nini?"

"Kula! Ya laisi na mbunge. Wewe hupigi?"

Rutashobya alikaa kitako juu ya gunia la mahindi. Alikuwa amekaa na Wasukuma miaka mingi. Hata mtoto wa sokoni Mwanza anajua kwamba ndimi nyingi za kwao hazina 'r'. Mama huyu alimwita Lutashobya tangu siku ya kwanza, naye akaitika. Masikio yalikuwepo, mwenyewe hakuwepo.

Alimkuta Padri Mkuu sakristia.

"Juzi hapa shuleni kulipigwa kura?"

"Ndiyo, jioni ile ile. Mimi ninaondoka. Walimu walitakiwa kupendekeza mwalimu mkuu mpya. Walikuwa wanane. Mwalimu Ndalahwa alipata kura saba."

"Na ya nane?"

"Aliipata Mwalimu Lwakatare. Ni shemeji yake marehemu, amemwoa dada yake, Bernadetta."

Lwakatare alikuwa kwenye shamba la pamba, akisimamia palizi ya darasa la sita, fimbo kwapani.

"Mwalimu, juzi jioni ulikuwa stoo."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe, kwa sauti kubwa. 'Hata wewe, hukunipa kura.'"

Mwalimu aliwaamuru wavulana waende kunywa maji. Walipokwisha kuondoka, fimbo ikamponyoka.

"Nilipata kura moja, Inspekta. Niliiandika mimi. Josephat nilimfundisha darasa la tano, hapa hapa. Tukala meza moja, nikamwoa dada yake. Mchana alinishika mkono akasema, 'Shemeji, usiwe na wasiwasi.' Nikamfuata stoo, nikamwuliza kwa nini. Akajibu, 'Unawapiga watoto mno.' Kisha akanigeuzia mgongo."

"Ukachukua jembe."

"Nikachukua lililokuwa karibu."

"Na Kashindye? Umekaa kimya siku zote hizi?"

"Nilidhani mtamwachia."

Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma tangazo. Pingu zikafungwa. Katika darasa la saba karatasi zilikuwa zimekwisha kugawiwa, dawati moja tupu. Simu ya kupigia Mwanza ilikuwa imekatika tangu mvua ile. Inspekta akakimbia na mtuhumiwa wake hadi gati la Kamanga; kivuko kilikuwa ng'ambo.

Alifungua mlango wa mahabusu jua likiwa limepinda.

"Shikamoo, afande," Kashindye alisimama.

"Marahaba. Uko huru. Aliyeua amekiri."

"Na mtihani?"

"Umekwisha." Rutashobya alikohoa. "Nitakwenda kwa Afisa Elimu. Nitamweleza."

"Ndiyo, afande," kijana alijibu kwa adabu aliyofundishwa na mapadri, na ilionekana wazi kwamba hakuamini. Akauliza njia ya Buswelu, kwa mjomba wake mwenye ng'ombe. Akaonyeshwa. Akaenda, miguu mitupu, bila kugeuka.

Inspekta alibaki mlangoni pa kituo. Kijana alipokwisha kupotea ndipo alipokumbuka kwamba hakumwomba radhi. Akatoka mbio hadi njia panda, akatazama huku na huku, asimwone. Hapo, mbele za watu, machozi yakamtoka, ya kwanza tangu msiba.