Adui Anakunja Shati

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, bibi mmoja mfupi mwenye miwani alimpiga mtu mzima kwa mkoba ndani ya duka la dawa lililojaa watu.

"Mwizi wa mayatima! Umekuja kutafuta dawa ya nini, na moyo huna?"

Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa shati la kijani lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama wima. Hakukwepa. Aliupokea mkoba begani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo bibi. Pole sana. Ile nyumba ya wale watoto niliirudisha, hukuona mwisho?"

"Sikuona! Nilizima!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyesimama nyuma ya bwana huyo, mwanamke wa gauni la bluu na viatu vya raba, hakucheka. Alikuwa anautazama uso wa yule bwana kama mtu anayeona picha ya ukutani imeshuka na kupanga foleni.

Alikuwa mhariri wa filamu. Katika chumba chenye pazia zito, ambamo mchana haukuwahi kuingia, alikuwa ameshinda na uso huo wiki baada ya wiki, akiupeleka mbele na kuurudisha nyuma. Alishamwona mtu huyu akifa na kufufuka kabla ya chai. Alishayaona maji yakitoka mdomoni mwake kurudi kwenye glasi, na chozi likipanda shavuni kurudi jichoni. Hakuwahi kumwona akipiga chafya. Sasa alipiga, akaomba radhi.

"Ile nyumba hukuirudisha," mhariri alisema. "Ulikufa nayo."

Yule bwana aligeuka. "Samahani?"

"Umemdanganya bibi. Ukitaka kudanganya huwa unavuta pumzi puani kwanza. Kila filamu."

"Dada, wewe ni askari?"

"Mhariri. Nipo na wewe mezani tangu mwezi uliopita."

"Ahaa!" Akamtazama kuanzia raba hadi nywele. "Kumbe Mkasi ndiye wewe. Waliniambia kuna dada mmoja haongei, yeye anakata tu."

"Na wewe ndiye Adui."

"Ndilo jina langu hilo. La kuzaliwa linaandikwa mwisho kabisa wa filamu, chini ya madereva. Likifika hapo, watu wanatafuta viatu vyao."

Alilisema bila uchungu. Kazi yake ilikuwa kuchukiwa, na alikuwa ameifanya katika filamu zaidi ya ishirini: mwenye nyumba katili, baba mdogo mwenye tamaa, mkubwa wa ofisi anayefunga mlango. Masteringi, wale mashujaa wa filamu, walikuja na kupita, sura zao zikabandikwa kwenye mabango. Yake haikubandikwa hata mara moja. Lakini waongozaji walikuwa wanajua. Bila yeye, steringi alikuwa kijana mzuri tu, aliyevaa nguo safi na hana la kufanya.

Wiki iliyofuata walikunywa chai pamoja. Iliyofuata tena, walikunywa chai kila siku. Wakawekeana sharti moja, na mwenye kulitoa alikuwa Mkasi: filamu iliyoko mezani isizungumzwe. Adui alikubali, kisha akawa anaizungukazunguka kwa simu.

"Uko wapi, Mkasi wangu?"

"Niko na wewe."

"Mimi yupi?"

"Yule anayepiga meza ngumi."

"Mwambie namwonea wivu."

"Ana adabu kuliko wewe. Nikimwambia arudi, anarudi."

"Na mimi niambie, uone kama sitarudi mbio."

Mkasi alikuwa anacheka peke yake gizani, mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye mashine, na uso uleule umeganda mbele yake na ngumi juu. Nyakati hizo alishindwa kujua sauti inatoka wapi, kwenye sikio au kwenye kioo. Akitoka nje, mji wote ulionekana kama umewashwa taa kwa ajili ya mtu fulani.

Jioni moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha na barabara ikimeremeta kwa taa za maduka, Adui alilivunja sharti.

"Mama anakuja kwenye onyesho la kwanza."

Mama yake alikuwa dobi. Alikuwa amemlea kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na hakuwahi kutazama hata filamu moja ya mwanawe. Alisema hakuzaa ili akae kwenye kiti amwangalie mtoto wake akipigwa risasi.

"Nimembembeleza," Adui aliendelea. "Nimemwambia, mama, safari hii ipo sehemu ambayo simuumizi mtu. Nimekaa kitandani kwa mdogo wangu aliyekufa, nakunja shati lake. Sisemi neno. Nikamwambia, njoo unione hapo. Amekubali. Ameshachagua na gauni."

Mkasi alikishika kiganja chake kwa nguvu zaidi, na Adui akachukua hilo kuwa ndilo jibu.

Kipande hicho kilikuwa kimemsumbua tangu siku ya kwanza. Asubuhi iliyofuata aliitazama filamu nzima kikiwemo, kisha akaitazama kikiwa kimetolewa. Hesabu ilikuwa wazi. Katika filamu hiyo Adui alikuwa kaka mkubwa anayemfukuza mjane wa mdogo wake. Mtu akishamwona anakunja lile shati, alimpenda. Alipotupa godoro la mjane barabarani, mtazamaji alimtafutia sababu. Alipokufa, hakuna aliyefurahi, na steringi akaonekana muuaji. Bila shati, filamu ilisimama kwa miguu yake.

"Amua wewe," mwongozaji alisema. "Mimi siwezi. Pale nampenda mno."

"Na mimi," alisema Mkasi, akakikata.

Katika kazi hiyo mhariri hamwambii mwigizaji kilichotolewa. Mwigizaji anajua ukumbini, pamoja na watu wote. Mkasi alijiambia kwamba anafuata taratibu, na kwamba sharti ni sharti. Simu ikilia anapokea, anacheka, anasema mengine.

Usiku wa onyesho mama alikuja na gauni la manjano lisilo na mkunjo hata mmoja, mkoba umetulia mapajani. Adui alikaa kando yake, suti nyeusi, shingo imenyooka. Mkasi alikuwa safu mbili nyuma yao. Kwenye pazia la sinema mlango wa chumba cha marehemu ulifungwa. Kingefuata kitanda. Ilifuata barabara, na godoro likiruka hewani. Aliona ile shingo ikikakamaa.

Baadaye, kwenye korido, Adui alimfikia Mkasi kabla Mkasi hajamtafuta.

"Ni yule kijana, siyo? Steringi amelalamika kwamba nimemfunika. Niambie ni yeye, Mkasi."

Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, na kila mtu angeuamini.

"Ni mimi."

"Umelazimishwa."

"Sikulazimishwa. Ulikuwa mzuri kupita filamu ilivyoweza kubeba. Ningekuacha pale, isingesimama."

"Na mama? Uliyajua ya mama."

"Niliyajua."

Uso wa Adui haukuwa hata mmoja kati ya zile nyuso alizozizoea Mkasi mezani.

"Yule wa kwenye mashine ukimwambia arudi, anarudi," alisema. "Mimi siye yule."

Akaenda kumchukua mama yake.

Simu ya Adui ikawa haipokelewi. Mkasi alianza filamu nyingine, sura nyingine. Akilala alikuwa anaota shati likikunjuka lenyewe, mkono baada ya mkono, mpaka linakuwa na mtu ndani, na mtu huyo anatoka mlangoni kwa kinyumenyume. Asubuhi aliyoamka na ndoto hiyo kwa mara nyingine, aliomba ruhusa kwa mwongozaji, akakiweka kile kipande kwenye kompyuta ya mkononi, akaenda kwa dobi.

Chumba kilikuwa na joto la mvuke na harufu ya sabuni. Mashati yalining'inia kwa mistari toka ukuta hadi ukuta, kama watu waliokuja kusikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemkata mwanangu."

"Ndiyo mama."

"Kaa hapo. Usiguse hizo nyeupe."

Alimwonyesha. Mama aliegemeza pasi pembeni, akatazama bila kupepesa. Kwenye kioo kidogo mwanawe alikunja shati, akalilaza magotini, akalipapasa kola.

"Rudisha."

Akarudisha. Mama aliangalia tena mpaka mwisho, akajifuta macho kwa kiganja.

"Kule ukumbini," alisema, "nilikaa na mama mmoja ana biskuti. Mwanangu alipotupa lile godoro, yule mama alimlaani! Akamlaani yeye, akamlaani na aliyemzaa. Nikamwambia, jamani, aliyemzaa ndiye mimi. Akaniangaliaaa... akanipa biskuti."

Mkasi alicheka kabla hajajizuia.

"Miaka yote nimeogopa kwenda kuona watu wanavyomchukia. Kumbe wanamchukia hivyo kwa sababu anaiweza kazi. Sasa niambie. Kama wangeliona shati hili kwanza, yule mama angelaani?"

"Asingelaani."

"Basi ulikata sawa." Akaichukua pasi. "Lakini ungemwambia. Kukata ni kazi yako. Kunyamaza ni tabia yako."

"Ni kweli, mama."

Mama alibonyeza simu kwa kidole gumba. "Wewe, mchumba wako yuko huku ananizibia njia... Siyo mchumba wako? Haya, ni wa nani huyu? Njoo umtoe."

Adui alikuja na mvua mabegani. Alisimama kati ya mashati, hajui aangalie wapi.

"Nisamehe kwa kunyamaza," Mkasi alisema. "Nilijificha nyuma ya sharti. Kwa kukata, siombi msamaha."

"Mama, unamsikia huyu?"

"Namsikia. Na wewe msikie."

Adui alifuta maji usoni. Kisha akasema polepole, kama anayejikagua, "Usiku ule nilikuwa natazama kile ambacho hakikuwepo. Filamu yenyewe sijaiona."

Walikwenda wao wawili siku hiyohiyo, onyesho la mchana, wakakaa safu ya nyuma kabisa. Ukumbi ulikuwa na ubaridi na giza laini, na mwanga wa pazia ulikuwa unatiririka juu ya vichwa vya watu. Mlango wa chumba cha marehemu ulifungwa.

"Ni hapa?" alinong'ona.

"Hapa."

Godoro likaruka. Ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na mwanaume wa safu ya kati akasema kwa sauti, "Mnyama huyu!" Adui alikaa akiisikiliza pumzi ile mpaka ilipoisha. Mkono wake ulitafuta wa Mkasi, ukaupata.

Filamu ikaenda. Steringi akaingia uani.

"Mkasi."

"Mm."

"Utaolewa na mimi?"

"Nyamaza kwanza. Unakufa."

Kwenye pazia alianguka, kwa goti, kisha kwa bega. Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga miluzi. Alingoja mpaka vurugu zitulie.

"Nimeshakufa," alisema. "Nijibu."

"Nitaolewa na wewe," alisema Mkasi kwa sauti yake yote, na watu wa safu ya mbele yao wakageuka.