Nota Bubu ya Mzee Kondo

Mfumambao ulikuwa unakula gitaa la besi, na Zamoyoni amesimama mbele ya kioo anautazama unavyokula. Haukuwa na pupa. Wembe wake wa mwanga ulipita juu ya mbao, ukabandua utando mmoja mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ukausoma, ukausaga vumbi, kisha ukarudi kubandua wa pili. Upande wa pili, ndani ya beseni la maji ya sukari yaliyojaa chembehai za mninga, gitaa jipya lilikuwa linaota. Utando ukiliwa huku, utando unafumwa kule. Mpaka jua linafika utosini, gitaa la zamani lilikuwa limebaki shingo tu, na jipya lilikuwa limebakiza shingo tu.

Miaka hiyo Morogoro hakuna aliyekata mti. Milima ya Uluguru ilikuwa imeachiwa misitu yake, na sheria ilikuwa kali hata kwa kuni. Mtu akitaka mlango, kitanda au jeneza, alikwenda karakana ya Bigwa akafumiwa. Na Mfumambao haukufuma mbao mbichi za kujikunja. Ulifuma mbao zilizokauka tayari, umri wowote upendao, hata mninga wa miaka mia uliotoka kwenye beseni leo asubuhi. Zamoyoni ndiye aliyekuwa mhandisi wa ramanisauti, yaani ile hesabu inayouambia mtambo mbao fulani italia vipi ukiigonga. Milango haihitaji ramanisauti. Ngoma, marimba na magitaa yanahitaji.

Hiyo ilikuwa kazi. Ugonjwa wake ulikuwa mabesi. Nyumbani kwake Kihonda alikuwa nayo kumi na moja, mengine ukutani, mengine chini ya kitanda, moja jikoni nyuma ya mlango. Si kwamba alikuwa mpigaji. Tuseme ukweli: akipiga yeye, hata paka alitafuta kazi nyingine ya kufanya. Alichopenda ni kuyajua. Angekukalisha kwenye kochi, chai ikapoa, akuelezee kwa nini besi la mwili mzito linashikilia sauti lakini linamkausha mpigaji bega, kwa nini kinasa sauti kikikaa karibu na shingo sauti inakuwa ya mviringo na kikisogea nyuma inakuwa ya kukwaruza, na kwa nini mtu anayebadilisha nyuzi za besi kabla hazijakatika hastahili kupewa mke. "Nyuzi mpya zinapiga kelele," alikuwa akisema. "Nyuzi nzee ndizo zinazoongea."

Na katika mabesi yote aliyowahi kuyasikia duniani, hakuna lililomkaa moyoni kama la mjomba wake, Mzee Kondo, mpiga besi wa Orkesta Lukwangule. Kwa miaka ishirini alikuwa akizisikiliza kanda za bendi ile kwa chujio la sauti, akizima waimbaji, tarumbeta na ngoma, akiliacha besi peke yake. Alilijua lile besi kuliko anavyoijua sauti ya mama yake.

Ndilo hilo lililokuwa linaliwa.

Msimwone mkatili. Miaka miwili nyuma Mzee Kondo alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, maneno hayakurudi kabisa. Daktari aliwaambia kwamba maneno wakati mwingine hurudi kwa kupitia mazoea ya zamani ya mwili, kama vile mikono ikifanya ilichokuwa ikifanya, ulimi nao unakumbuka. "Mlango haujafungwa," alisema daktari, "lakini kila mwezi unapopita, unajirudisha kidogo." Wakakimbilia gitaa. Loo! Mchwa walikuwa wameshalifungulia kiwanda. Mwili umetobolewa, shingo imepinda, nyuzi zinagusa chuma kila mahali. Zamoyoni akaona dawa moja tu.

Alikwenda kumwomba ruhusa. "Mjomba, nilichukue nikakufumie jipya, lilelile, zuri zaidi?" Mzee aliishika shingo ya gitaa akakaa nayo muda mrefu kabla hajaachia. Zamoyoni alidhani ni furaha.

Sasa Mfumambao ulisimama kula, ukaongea kwa ile sauti yake ya upole ya karani asiyekuwa na haraka.

"Nimekuta kasoro kumi na tatu. Kumi na mbili ni za mchwa na unyevu. Ya kumi na tatu ni ya kuzaliwa. Uzi mwembamba, pingili ya tano. Nota haidumu."

Pingili ni vile vyumba vilivyo kati ya chuma na chuma shingoni mwa gitaa. Na jambo hili la nota bubu Zamoyoni alilijua sana, maana karibu kila besi la mbao linalo mahali fulani. Shingo nayo ni kitu kinachotikisika. Ikitokea kasi yake ya kutikisika ikalingana na ya nota fulani, basi shingo inaunyonya uzi nguvu zake, na nota inakufa mara tu inapozaliwa. Du, kisha kimya. Mabesi ya kiwandani yanaificha. Hili alilichonga mjomba kwa mkono wake, na halikuficha kitu.

"Nirekebishe?" mtambo ukauliza.

"Rekebisha zote," akasema Zamoyoni, wala hakufikiri mara mbili. Nani anamfumia mjomba wake gitaa lenye ugonjwa?

Jumamosi, saa nne asubuhi, alilipeleka nyumbani kwa mjomba akiwa amelifunga kwenye kanga. Mzee Kondo alikuwa barazani kwenye kiti chake, na Chausiku, binti yake wa pekee anayemtunza, alikuwa anachambua mchele pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee aliinua mkono wa kushoto. Kwa miaka miwili shikamoo za Zamoyoni zilikuwa zinatoka na hakuna marahaba inayorudi, na hakuwa amezoea.

Alipofunua kanga, hata Chausiku aliweka ungo chini. Mninga ulikuwa umeiva rangi ya asali, shingo imenyooka, nyuzi nzee zimerudishwa zilezile. Mzee alilipakata. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe mahali pake. Wa kulia ulitetemeka, kisha dole gumba likashuka.

Wallahi, ilikuwa sauti yenyewe. Ile ya mviringo, inayoingilia miguuni kabla haijafika masikioni. Alianza wimbo ambao Lukwangule walikuwa wakifungulia dansi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani kwa kupapasa. Zamoyoni aliuma kidole asilie. Midomo ya mzee ilikuwa inachezacheza. Chausiku aliiona pia, akamshika mwenzake mkono.

Kisha besi likafika pingili ya tano. Nota ikalia, safi, ndefu, ikajaa baraza zima.

Mzee aliacha kupiga. Akaanza tena. Akafika palepale, nota ikalia tena, na akaacha tena. Mara ya tatu alizifunika nyuzi kwa kiganja, akageuza uso nyuma ya bega lake la kulia, ukutani, ambapo hapakuwa na kitu. Midomo ikatulia. Alilisukuma gitaa mapajani mpaka Zamoyoni akalidaka, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti.

Siku hiyo hakula. Ya pili hakula. Ya tatu alikunywa uji vijiko viwili, na gitaa hakutaka hata kuliona.

"Lakini nota imetoka safi!" Zamoyoni alilalamika jikoni. "Ilikuwa bubu miaka yote, nimeiponya. Nimekosa nini?"

"Hiyo hiyo," Chausiku alisema. "Kwani wimbo ule unaujua?"

"Mimi? Naujua kuliko jina langu."

"Unalijua besi, dada. Ulishawahi kuusikiliza wote?"

Chausiku alichukua kisanduku cha kupigia kanda cha pale nyumbani akakiwasha juu ya meza, hakikuwa na chujio wala nini. Ngoma ziliingia, tarumbeta zikaingia, besi likaja chini yake na ule mwendo anaoujua Zamoyoni. Likafika pingili ya tano, nota ikafa. Na pale pale, katika lile pengo dogo, mwanamke akaitikia: "Ehee!" Sauti nyembamba, ya utani, ya mtu anayetabasamu. Besi likaendelea. Likazunguka, likafika, likafa, na yule mwanamke akaitikia tena. "Ehee!" Kila mzunguko, wimbo mzima.

Alikuwa Bi Mwantumu, mke wa mjomba, mwimbaji wa bendi, aliyefariki miaka saba iliyopita. Miaka ishirini Zamoyoni alikuwa anamzima.

"Baba alilichonga gitaa lile mwaka aliomposa mama," Chausiku alisema. "Nota ile ilipogoma alitaka kulivunja akalifanye kuni. Mama akamwambia, acha, hapo panapokufa niachie mimi. Kwenye dansi alikuwa anasimama nyuma ya bega lake la kulia. Alipokufa, baba akawa anapiga kila siku alasiri, akifika pale anageuka kidogo. Nilikuwa nadhani ni uzee." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na mimi niliruhusu ulichukue. Tumekosa wote."

Zamoyoni hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja karakana.

"Irudishe kasoro ya kumi na tatu," aliuambia Mfumambao.

"Siwezi. Uliniagiza nirekebishe zote. Kasoro iliyorekebishwa haitunzwi kwenye ramanisauti."

"Na gitaa lenyewe?"

Mtambo ukamtolea mtungi wa kioo, vumbi la rangi ya tumbaku, limejaa nusu. Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na mitungi mingine mingi, ngoma za watu, mazeze ya watu, kila mmoja na namba yake. Zamoyoni alikuwa akiipita kila siku akienda kunywa chai. Ile siku alisimama, akaitazama yote, na aibu ikamwingia mwilini kama homa. Ni nani mwingine alikuwa akiishi humo, akasafishwa?

Kabla ya kuondoka aliuwekea mtambo swali jipya, liulizwe mbele ya kila mteja kabla wembe haujashuka: "Kasoro hii ina mwenyewe?" Mfumambao ulitaka kujua swali hilo linapima nini. "Halipimi kitu," akajibu. "Wewe uliza, usubiri."

Kesho yake alirudi barazani na sanduku la vifaa vya zamani ambavyo hajavishika tangu chuoni: randa, jiriwa ndogo, vipande vya shaba. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe. Nimemfungia mkeo mlango, na sikujua kama yumo."

Mzee alimtazama. Kisha akaangalia ile randa.

Mtambo ulikuwa umeifanya shingo ngumu mno, isiunyonye uzi wowote. Ili nota ife, shingo lazima ilegee na kichwa kiwe kizito. Zamoyoni alijua hesabu yake yote, lakini hesabu haikumwambia mahali hasa. Alipopitisha randa mara ya kwanza nyuma ya shingo ile nzuri isiyo na doa, ilikuwa kama unajikata mwenyewe nywele ukiwa bwana harusi. Unyoya wa mbao ukaanguka. Akabana kipande cha shaba kichwani kwa jiriwa, akampa mzee apige.

Nota ilikufa pingili ya tisa. Mzee akatikisa kichwa.

Wakaendelea. Randa kidogo, shaba kidogo. Pingili ya nane. Ya saba. Alasiri ya pili mzee alimshika kiganja kwa ule mkono dhaifu, akaisogeza randa upande mwingine kabisa, karibu na mwili, mahali ambapo Zamoyoni asingethubutu. Alimwacha amwongoze. Ndipo ilipomjia kwamba mzee huyu aliwahi kuifanya kazi hii yote peke yake, kijana, ana mchumba wa kumfurahisha. Baraza lilijaa manyoya ya mninga, na Chausiku alipika ugali na mlenda akawalazimisha kula wote wawili. Mzee alikula.

Siku ya tatu asubuhi gitaa lilikuwa halitazamiki. Shingo ina mawimbi, kichwani imening'inia shaba kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Mteja angelikataa. Mzee Kondo alilipakata, akatafuta mahali pa kidole gumba, akaanza.

Besi lilishuka, likapanda, likazunguka. Zamoyoni alikuwa amefumba macho. Chausiku alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Likafika pingili ya tano.

Du.

Kimya. Kidogo tu, upana wa pumzi moja. Mzee aligeuza uso nyuma ya bega lake la kulia, na uso wake wote ukafunguka.

"Huyo," akasema.

Kisha akaendelea kupiga, kwa sababu mzunguko wa pili ulikuwa unakuja, na mkewe alikuwa hapendi kucheleweshwa.