Msitu Uliofuata Pumzi

"Nani alimfundisha kuunganisha nyaya?" Rafiki yangu aliuliza hivyo kuhusu mdogo wake, mezani, mbele ya ukoo mzima. Shangazi yake alicheka tu: "Kijicho hicho! Kula kwanza."

Swali lilikuwa halali. Mdogo wake alisifiwa kila kona kwa msitu wa nuru aliouunda ghalani: miti ya shaba, majani ya bati, vimulimuli vya balbu ndogo. Ufundi wote alifunzwa na dada yake, yaani rafiki yangu, ambaye jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Huo kama si wizi ni nini?

Baada ya chakula mama yao alimtuma ampelekee mdogo wake miwani ghalani. Hakumkuta. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, na msitu uliwaka peke yake. Rafiki yangu akachomoa plagi. Giza. Kisha majani ya bati yakachakarika, na vimulimuli vikawaka tena, plagi ikiwa mkononi mwake. Akashtuka, akabana pumzi. Vikazimika. Akapumua. Vikawaka.

Siku ya uzinduzi wa msitu huo alikataa kwenda, akabaki nami chumbani. Mdogo wake akapiga simu ili tusikie makofi. Rafiki yangu akafumba mdomo, akaziba pua. Kwenye simu watu wakaguna: "Mbona giza?" Alipopumua, wakashangilia.

Akanitazama, akatabasamu. Tangu siku hiyo anafanya mazoezi ya kubana pumzi, na kila mara anakawia zaidi kuiachia. Mimi nina mtihani kesho, siwezi kumchunga. Tafadhali, njoo ukae naye.