Vijiti vya Mama Mkwe

"Nani alikupa ruhusa ya kukatakata maua ya mama yangu?"

Sifuna hakuwa hata amevua viatu. Alimsogezea Nasimiyu simu usoni. Dada yake, Fridah, alikuwa ametuma picha kutoka Kitale, na chini yake maneno: "Ona mke wako alivyofanyia haidrenjia ya mama. Hata mwaka haujaisha tangu tumzike. Huyo anatuchukia."

Nasimiyu alimweleza kwamba alichukua matawi machache tu yasiyo na maua, ayaoteshe hapa Bungoma. Akampeleka nyuma ya jikoni. Vijiti vilikuwa vimesimama ndani ya mikebe yenye udongo, vimefunikwa kwa chupa za plastiki zilizokatwa.

"Na majani umeyakata nusu kwa nini? Ni hasira ama ni uchawi?"

"Jani zima linakausha kijiti ambacho bado hakina mizizi. Mama ndiye alinifundisha."

"Usimtaje mama. Wewe si damu yake."

Akaving'oa vyote, akavitupa shimo la takataka, akapanda pikipiki kwenda stendi. Alisema anaenda Kitale kumwomba dada yake msamaha kwa niaba ya mke mbaya.

Nasimiyu hakulia. Alitoa begi akaanza kukunja nguo, arudi kwao Matulo. Ukweli alikuwa nao, kwani Fridah mwenyewe alimwambia kwamba mbele ya nyumba ya mama atajenga vyumba vya kupangisha, na maua yale yatang'olewa. Lakini Sifuna na Fridah wamezaliwa wawili tu. Nasimiyu hakutaka kuwa ndiye aliyewagombanisha, akaona heri aokoe maua kimya kimya.

Jioni simu ililia. Alikuwa Sifuna.

"Nasimiyu, hapa kwa mama wamechimba msingi. Haidrenjia haipo."

"Najua."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Si Fridah ni damu? Ungemsikiliza nani?"

Sifuna akasema kwa sauti ndogo kwamba Fridah amekiri. Picha ile aliituma ili hasira imwishie mke, yeye Fridah asije akaulizwa habari za msingi.

Sifuna aliporudi hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja shimoni, akapekua majivu na maganda ya ndizi kwa mikono mitupu, asipate kitu. Ndipo Hawo, jirani yao, akachungulia juu ya uzio.

"Kama ni vile vijiti, viko kwangu. Nilivitoa nikaviweka majini, kivulini. Nilimwona mkeo akivimwagilia kila asubuhi kama anaamsha watoto. Nikasema, si haki vife."

Akampitishia ndoo, akarudi jikoni kwake bila kungoja shukrani.

Nasimiyu alikuwa mlangoni, begi mkononi.

"Nilikuambia wewe si damu yake," Sifuna alisema. "Na ni wewe peke yako uliyembakisha mama. Nisamehe."

Nasimiyu aliweka begi chini, akachagua kwenye ndoo. Vingi vilikuwa vimelegea. Vitatu bado vilikuwa vibichi.

"Toboa udongo wa mkebe kwa kidole kwanza. Ukisukuma tu, unakichubua."

Akatoboa. Akapanda kimoja, cha pili, cha tatu, mkewe akishindilia udongo kando ya vidole vyake.

"Na usivivute kuangalia kama vimeshika mizizi."

"Sitavuta. Na wewe, umebaki?"

"Hilo pia usilivute, Sifuna. Ngoja."

Kisha akamwambia anawe mikono, chakula kiko mezani.