Mwenye Ng'ombe Kwenye Hati ya Mashtaka

Kiroba cha nyama kavu kilikamatwa kwenye kizuizi cha polisi Mugumu, kando ya Serengeti, kikiwa kimefungwa nyuma ya pikipiki ya Mwikwabe, bodaboda wa Nyamwaga, Tarime. Alipoulizwa ni nyama gani, alijibu bila kupepesa macho kwamba ni nyumbu. Mahakamani akasomewa shtaka la kupatikana na nyara za serikali.

"Ni kweli," alisema.

Kosa hilo lingeweza kumla miaka ishirini.

Inspekta Honoratha, Mhaya aliyehamishiwa Mara mwaka huo, hakutulia. Nyama ya nyumbu hutoka Mugumu kwenda Tarime. Huyu alikuwa akiipeleka kunakotoka. Nani hubeba maji kuyapeleka mtoni?

Kabla ya hukumu, majibu ya vipimo yakarudi: ng'ombe.

Mwendesha mashtaka, Selestine, akabadilisha hati. Hakimu akaeleza kwamba shtaka likibadilishwa, jibu la kwanza limekufa. Mshtakiwa anajibu upya. Akasomewa wizi wa mifugo.

"Si kweli," alisema Mwikwabe. "Sijaiba ng'ombe. Mimi nilibeba nyumbu."

Selestine alicheka. Honoratha hakucheka. Mtu anayekataa kosa dogo na kung'ang'ania kubwa ama ni mwendawazimu, ama anasema kweli. Na huyu akili zake zilikuwa timamu kabisa.

Akaenda Nyamwaga. Hakuna aliyeripoti ng'ombe kupotea, ajabu kwa watu ambao mbuzi akichelewa tu yowe hupigwa. Mkwe wa Mwikwabe, mzee Ryoba, aliitikia shikamoo yake, akampa kiti, akasema zizi lake limetimia. Lakini hakumtazama usoni. Jirani ndiye aliyemnong'oneza Inspekta kwamba mtamba mwekundu wa mzee, aliyetengwa kwa mahari ya mwanawe wa kiume, haonekani tena.

Ghati, mke wa Mwikwabe na binti wa Ryoba, alikuwa shambani akipalilia mahindi.

"Mume wako alijua ni ng'ombe?"

"Hakujua."

"Nani alimwambia ni nyumbu?"

"Mimi. Angejua ni ng'ombe wa ukweni, asingegusa hata kwato."

"Aliyemchinja ni nani?"

Jembe likatulia. "Mimi, afande."

Akaeleza yote pale pale, machozi yakimtoka. Mama wa mtamba yule alikufa akizaa. Ghati, akiwa bado msichana kwao, alimlea ndama kwa maziwa ya chupa, na baba akatamka mbele ya ndugu kwamba huyo ni wake. Alipoolewa, baba huyo huyo akasema mwanamke hana ng'ombe, akampa kaka yake aolee. Ghati akamtoa mtamba malishoni, akamchinja kando ya mto, akaianika nyama akilia. Alimtuma mumewe Mugumu ili isiliwe Nyamwaga. Mzee alijua, akanyamaza, maana kumshtaki binti ni kufukua ahadi yake mwenyewe.

Mwikwabe akafutiwa shtaka. Alitoka bila kuelewa alikosa nini wala alisamehewa nini.

Kituoni Selestine akaanza hati nyingine: Ghati, wizi wa ng'ombe mmoja, mali ya Ryoba.

"Mkiandika ni wa baba, nitakataa mpaka mwisho," alisema Ghati. "Mkiandika ni wangu, nitakubali kila kitu."

Selestine aliweka kalamu chini.

"Lakini mama," Selestine alisema, "tukiandika ni wako, hakuna kosa."

"Basi mleteni baba," alisema Ghati, "aape ni wa nani."