Mkono Uliomalizia Mkoba

Mevlida alilala mishono ya mkoba wake ikiwa imepinda kama nyayo za kuku kwenye matope, akaamka ikiwa imenyooka.

Mwenye akili angeutupa mkoba ule mtoni kabla hajanywa kahawa. Yeye aliupeleka dirishani, akaugeuza huku na huku, akacheka peke yake. Visoko, alikoolewa, ni mji wa ngozi, na ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa ukilainisha ngozi tangu enzi za masultani. Mevlida alitoka kijiji cha viazi, na wifi yake Rasema hakumwacha asahau hilo hata siku moja.

"Wifi, huo ni mkoba au kiatu cha punda?" Rasema alikuwa amemuuliza jana yake, kikombe mkononi. "Hayo matundu umetoboa umefumba macho?"

"Ndiyo kwanza najifunza."

"Jifunze, mama, jifunze. Sikukuu ya Idi utabebea viazi humo."

Rasema alipoondoka, Mevlida akaendelea kushona kwa hasira, sindano mbili kwenye uzi mmoja wa nta, moja ikienda na nyingine ikija. Mwadhini akaadhini magharibi na yeye bado ameinama. Kila mwanamke wa kule anajua kwamba saa ile sindano huwekwa chini. Msharasi, chuma cha kutobolea ngozi, ukateleza ukamchoma kidole, damu ikadondokea ngozi, naye badala ya kusema bismillahi akautupa mkoba kwenye kiti akafoka, "Basi na amalizie anayejua!"

Akamalizia anayejua.

Kila asubuhi kipande kingine kilikuwa tayari: ubavu, kitako, mshikio. Rasema aliporudi aliupapasa mkoba, akaunusa.

"Umeshona wewe?"

"Kwani unamwona nani mwingine humu?"

Kweli, hakuonekana mwingine. Alikuwepo Naida tu, mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye wazazi wake walikuwa Austria wakitafuta maisha, na ambaye mdomo wake ulikwenda kama cherehani kutwa nzima.

Mkoba ulipokwisha, kushona hakukwisha. Mevlida alivaa koti, mkono ukagota ndani. Mwisho wa mkono wa koti ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nta. Kesho yake ikawa foronya. Kisha ikaingia harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa chokaa, harufu ya nywele zinazooza, ikakaa sebuleni ingawa madirisha yote yalikuwa wazi. Na kila magharibi, kutoka kwenye kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia tena, ilisikika tk, ya msharasi ukitoboa, halafu uzi ukivutwa polepole, halafu kimya cha mtu anayekaza fundo, halafu tk tena, karibu kidogo kuliko mwanzo, hata Mevlida akawa anapika na redio ameifungulia mpaka mwisho na bado anaisikia, chini ya nyimbo, chini ya sauti yake mwenyewe akisoma Ayatul Kursiyu na kukosea aya aliyoijua tangu utotoni.

Jioni moja alimkuta Naida amesimama mbele ya kiti kile, kidevu juu, kama mtoto anayepimwa nguo.

"Naida! Unafanya nini hapo?"

Mtoto aligeuka. Midomo ilikuwa imebanana. Kuizunguka palikuwa na vitone vyekundu, vidogo, vilivyopangika sawasawa, safi kuliko mshono wowote ambao Mevlida angeweza kushona.

Daktari alisema ni mshtuko, utapita. Haukupita. Mtoto hakula, na maji yalimwagikia kidevuni. Ndipo akaitwa Bi Hasiba, ajuza anayeyeyusha madini ya risasi ili kuwatoa watu hofu.

Alimfunika Naida shuka, akashika sufuria ya maji juu ya kichwa cha mtoto, akamimina risasi ya moto. Maji yakapiga kelele. Alichokiopoa kilikuwa kibapa chenye safu ya matundu.

"Ulimwambia amalizie nini?" alinong'ona.

"Mkoba."

"Ulimtajia mkoba?"

Mevlida akatazama kidole alichojichoma.

"Hukumtajia. Sasa anaziba kila kilicho wazi, bibi wee. Fumua kila mshono aliotia, kwa mkono wako. Nyuzi zitie kwenye maji haya, ukayamwage mtoni. Usithubutu kumwaga njiani. Wa kwanza kuyakanyaga ndiye atakayeondoka naye."

Alifumua kuanzia adhuhuri. Nyuzi zilikuwa ngumu kama mishipa na zilimkata vidole. Alipokata ule wa mwisho mwadhini alishaanza, na Naida alikuwa akivuta hewa kwa shida, kwa sababu vitone vilikuwa vimepanda, vimeanza kuzunguka matundu ya pua. Mto ulikuwa mbali, kule chini ya kilima. Mevlida alizitia nyuzi zote kwenye sufuria, akatoka nayo mbio, akafika getini, akasikia nyuma yake ile pumzi ikikatika, akamwaga pale pale, kwenye mawe ya njia.

Ndani, Naida akapiga ukelele. "Bibi! Maji! Nataka maji!"

Mevlida akaegemea nguzo ya geti. Maji yalitulia katikati ya mawe, mazito, hayakunywewa na udongo. Kesho asubuhi wa kwanza kutoka mlango huu angekuwa Naida. Siku zote alikuwa yeye.

Hapo akaiona skafu ya Rasema ikipanda kilima, na sauti yake, kama kawaida, imemtangulia.

"Wifi! Nimekuja nikwambie ukweli, maana mimi sifichi. Mtaa mzima wanasema ule mkoba hukushona wewe, na mimi nikawaambia—"

Palikuwa na hatua za kutosha kati yao. Neno moja, pita kando, lingetosha. Mevlida alilisikia likimfika ulimini. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi kabisa.

Akalifungua geti wazi zaidi.

"Karibu, wifi," alisema. "Pita."