Mkono Mmoja wa Shati

Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umepigwa pasi. Wa kushoto haukupigwa.

Hilo ndilo dada mmoja aliloliona kwanza, kabla hajaona uso wa mwenye shati, kabla hata hajajua kama ni kijana au mzee. Ilikuwa Jumamosi ya kuandikisha wanafunzi wapya wa darasa la uchoraji na ufinyanzi, wakubwa kwa watoto, na ngazi za jengo zilijaa watu waliotaka kufika ghorofa ya pili kabla nafasi hazijaisha. Mtu wa mbele yake alisimama ghafla, naye akajikuta pua yake inakaribia kugusa lile shati. Kulia, mstari ulionyooka kama kamba iliyovutwa. Kushoto, makunyanzi matupu, kama nguo iliyotafunwa na ng'ombe.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi. Mashati yalipita mikononi mwake kutwa nzima, lakini la namna ile hakuwahi kuliona.

"Samahani, dada," mwenye shati akageuka. "Mama anapumzika kidogo. Ngazi zimemchosha."

Ndipo akamwona huyo mama: mwembamba, gauni la zambarau, mkono wa kulia umekunjwa kifuani hautikisiki. Alikuwa anahema, huku akiwatazama watu wa nyuma kana kwamba wao ndio waliomchelewesha.

"Wenye haraka wapite," akasema. "Udongo haukimbii."

"Mama mdogo, mbona mkono wa yule bibi umelala?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yake, ambaye nyumbani walimwita Swali kwa sababu hakujua kunyamaza. Mama yake mdogo alitamani ngazi zipasuke zimmeze. Lakini yule mama alicheka.

"Umelala kwa sababu ni mvivu. Ndiyo maana nimeuleta shule."

"Mimi pia nimeletwa," Swali akasema.

Juu, chumba kilikuwa kirefu, chenye madirisha mapana na meza zilizofunikwa kwa turubai. Ukuta mmoja ulijaa michoro ya watoto: nyumba zenye miguu, jua lenye meno. Ukuta wa pili ulikuwa na rafu za vyungu visivyochomwa bado, na kwenye kona lilikaa tanuri la umeme lenye mlango mzito. Mle ndani mlinuka mvua, ingawa nje kulikuwa kukavu.

Mwalimu alikuwa mwanamke mnene mwenye nywele fupi na aproni iliyokakamaa kwa udongo. Watoto walimwita Bi Vidole, kwa sababu kutwa alipiga kelele, "Vidole! Siyo kucha!"

"Hapa nina sheria mbili," akasema. "Ya kwanza, mtoto anakaa na mkubwa asiye wake. Nikiwaacha na wenu, chungu chote kinafinyangwa na mzazi, mtoto anabaki kushika sponji. Ya pili, hapa hatumaliziani. Cha mwenzako kikipinda, kiache kipinde. Ni chake."

Kabla hajamaliza, Swali alikuwa ameshakaa pembeni ya yule bibi. Watoto wengine wakagawanywa, na mwisho wakabaki watu wawili wasio na mtoto: mpiga pasi na mwenye shati. Wakapewa meza ya mwisho, karibu na sinki.

"Wewe ni nani wake yule msemaji?"

"Mama yake mdogo."

"Haya, Mama Mdogo. Mimi ni fundi wa mafriji. Kwa hiyo usinitegemee kwa mambo ya moto, mimi ni wa baridi." Alivua shati, akalitundika kwenye msumari, akabaki na fulana. "Mbona unaliangalia sana shati langu?"

"Siliangalii."

"Unaliangalia tangu kwenye ngazi."

"Mtoto ndiye aliyekuwa analiangalia."

Fundi aligeuka kumtafuta mtoto. Swali alikuwa upande wa pili wa chumba, amewapa mgongo, anamweleza bibi habari za paka wao. Fundi alicheka mpaka bakuli aliloanza kulifinyanga likalala ubavu.

Ndivyo Mama Mdogo alivyokuwa. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo mbele za watu aliwaachia wengine maneno. Dada yake alipohamia kwao na mtoto, akapata wa kumsemea. Akitaka maji, alisema mtoto ana kiu. Akitaka kuondoka, mtoto alikuwa na usingizi.

Fundi aliomba namba ya simu, akaambiwa mtoto hapendi wageni. Jumamosi iliyofuata akaiomba kwa mtoto mwenyewe, akaimbiwa namba yote mpaka ya mwisho.

"Haloo, Mama Mdogo."

"Haloo, Fundi."

"Umekula?"

"Mtoto amekula."

"Mimi nimemuuliza mtoto?"

Kikasikika kicheko kidogo kilichobanwa na kiganja.

"Jumamosi utakuja?"

"Mtoto anataka sana kuja."

"Na mama yake mdogo anataka nini?"

"Nguo inaungua, Fundi. Kwaheri."

Hakuna nguo iliyoungua, ila siku ile suruali moja aliipiga pasi mara mbili, ya pili kwa kusahau ya kwanza.

Jumamosi zikaenda. Alianza kuvaa gauni lake la kijani lenye kola nyeupe, ambalo kwa kazi ya udongo lilikuwa wazimu mtupu. Fundi akasema, "Leo mtoto amependeza," huku akimtazama yeye. Bibi naye alikuwa anafinyanga bakuli kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukilishikilia kama jiwe tu. Halafu asubuhi moja Swali akapiga yowe:

"Kimeamka! Kidole kimeamka!"

Watu wakaacha kazi zao. Kidole gumba cha mkono uliolala kilikuwa kimebonyeza ukingo wa bakuli, kikaacha alama ndogo, kama ya panya. Bibi alikiinamia, akakitazama kwa karibu. Bi Vidole alipiga makofi, darasa zima likafuata, na Fundi akaenda kusimama dirishani, akawapa watu mgongo kwa muda.

Siku hiyohiyo Swali, kwa furaha, alikimbia na kopo la udongo wa maji, akalimwaga lote juu ya lile shati msumarini.

"Nipe," mama yake mdogo akasema kabla Fundi hajafungua mdomo. "Hiyo ni kazi yangu."

Alilifua mwenyewe kwa mkono. Alipiga pasi kola, akapiga kifua, akapiga mkono wa kulia, kisha akaushika wa kushoto na kuupiga polepole kuliko nguo yoyote aliyopata kuipiga. Masikini, akawaza, hana wa kumfanyia. Wazo hilo likampendeza, naye akaona aibu kwa kupendezwa.

Fundi alilifuata dukani. Alipoliona kwenye henga, uso wake ulisita kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha akasema, "Asante, kipenzi."

Kipenzi. Mwenye kulisema neno hilo aliondoka na kulitaja tena njiani peke yake, na kwa furaha hiyo akasahau lililomfanya asite.

Alikumbuka alipofika kwa mama yake.

Mama huyu alimpigia mwanawe pasi tangu anakwenda shule. Ugonjwa ulipomshika mkono wa kulia, watu wote walimwambia apumzike, naye akasema pasi haina uhusiano na daktari. Alilipiga shati pasi kwa mkono wa kushoto, akaanza na mkono wa kulia wa shati, na ulipokwisha, nguvu nazo zikaisha. Fundi akalivaa hivyohivyo. Kazini walimcheka, akawaacha wacheke. Jambo hilo halikuwahi kutajwa mle ndani hata siku moja.

Sasa mama alisimama mbele ya henga, akaushika mkono wa kushoto wa shati kwa vidole viwili.

"Limemwagikiwa udongo, mama. Likapelekwa kwa dobi."

"Na dobi akaona kuna kazi imebaki."

"Mama..."

"Si vibaya. Amepiga vizuri." Kisha akaisukuma pasi chini ya kitanda kwa mguu.

Jumamosi hakwenda darasani. Alisema mkono umechoka. Iliyofuata pia ulichoka, na kile kidole gumba, ambacho bila udongo hakikuwa na la kufanya, kikaanza kurudi kulala.

Fundi akapiga simu, na safari hii hakuuliza nani amekula.

"Ungeniuliza kwanza kabla ya kulipiga pasi lile shati."

"Lilikuwa na makunyanzi."

"Najua lilikuwa na makunyanzi! Makunyanzi yale yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Hapo ndipo Fundi angesema. Lakini kuueleza udhaifu wa mama yake kwa simu, akiwa amesimama barabarani, aliona ni kama kumvua nguo mbele za watu. "Basi," akasema, "yaishe."

"Sawa," mpiga pasi akajibu, akakata.

Mwenzake wa dukani, mwanamke aliyekuwa ameolewa mara mbili na kuchoka mara zote mbili, alikuwa anasikiliza huku akikunja shuka.

"Mwanaume anayegomba kwa sababu nguo yake imenyooka? Huyo ana mke, mdogo wangu. Makunyanzi yale ni bendera ya mkewe, nawe umeigusa."

"Hana mke."

"Uliona wapi makunyanzi yenye mwenyewe?"

Akarudi kwenye pasi yake. Mwanamke yupo, akajiambia, anayempigia pasi, na mimi nimeingilia kazi yake. Kwa kweli hakukosea, ila hakumjua mwanamke mwenyewe. Simu ya Fundi ilipoita aliiacha iite, ikaita tena, akaifunika kwa taulo za wateja. Swali akawa anapelekwa darasani na mama yake mzazi.

"Bibi haji," Swali alisema jioni moja, akila na kuzungumza kwa pamoja. "Bakuli lake Bi Vidole amelifunika nailoni ili lisikauke. Hataki mtu aliguse. Nilitaka kulimalizia, akanifokea."

"Bibi ana nini?"

"Amekasirika. Nilimsikia Fundi akimwambia Bi Vidole. Kuna mtu amemmalizia shati lake."

"Shati la nani?"

"La bibi. Yeye ndiye anampigia Fundi pasi. Kwa mkono mmoja, mama mdogo. Hata wewe huwezi."

Mama mdogo aliliona tena lile shati la kwenye ngazi. Ule mstari wa kulia, ulionyooka kama kamba: dobi mzima kama yeye, na hakuona kwamba aliyeupiga hakukosa ufundi. Alikosa mkono.

Kesho yake, baada ya kazi, alichukua mkoba wake. Swali akakimbilia viatu. "Twende wote!"

"Hapana," akasema. "Leo naenda mwenyewe."

Kwa akina Fundi, alikoelekezwa na Bi Vidole, palikuwa chini ya ghorofa, mwisho wa korido iliyosimamishwa mafriji mawili yasiyo na milango. Alipiga hodi kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia. Akarudia.

Mama alifungua mwenyewe. Alitazama usoni mwa mgeni, kisha akatazama chini, pale ambapo mtoto hukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msemaji wako yuko wapi?"

"Nimemwacha." Alishika mkoba kwa mikono miwili. "Mama, lile shati nililipiga mimi. Sikujua."

"Na ungejua?"

"Ningelifua tu. Ningekuletea likiwa limekunjamana, ulipige mwenyewe."

"Na kola ulipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Kola ilinishinda hata nilipokuwa na mikono miwili." Akasogea kumpisha. "Unajua kazi, binti. Hilo ndilo lililoniuma. Ungekuwa dobi mbovu ningekucheka, yakaisha."

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema kuhusu bakuli, na nailoni, na kwamba udongo hausubiri milele hata ukifunikwa.

"Kwa hiyo nani anataka nirudi darasani?" mama akauliza. "Mtoto?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa neno zuri, jepesi, na mtoto kweli alitaka. Akalimeza.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye nataka urudi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akapaza sauti, "Wewe! Toka huko koridoni! Unadhani sikuoni? Umesimama nyuma ya friji tangu mtoto wa watu apige hodi!"

Fundi akaingia na bisibisi mkononi, vumbi nywelani, na shati lililokunjamana mikono yote miwili.

"Nilikuwa natengeneza," akasema.

"Friji halina mlango, unatengeneza nini? Hebu nitolee pasi chini ya kitanda. Siwezi kufuatana darasani na mtu aliyekunjamana huku na huku. Mkono wa kulia ni wangu, mtu asiuguse. Huo mwingine..." Akamwelekezea mgeni kidevu. "Huo mwingine nimempa yeye. Nimempa mwenyewe, sikumaliziwa."

Kitanda kilikuwa palepale, nyuma ya pazia. Fundi akapiga magoti na kuingiza mkono chini yake, mgongo kwao. Kusema na mgongo ni rahisi kuliko kusema na uso.

"Fundi," Mama Mdogo akaita.

"Naam."

"Zile Jumamosi zote, ulipokuwa unauliza nani anataka kuja."

Fundi hakugeuka. Mkono wake ulibaki chini ya kitanda, umeshika pasi.

"Mtoto kila Jumamosi alitaka kulala," mpiga pasi akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha. Nakupenda, Fundi. Hili sikutumwa na mtu."